Televisheni ya Macho ya Mama

Kuna kipindi niliamini, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba televisheni ya bei mbaya inarudisha macho. Sisemi macho yaliyochoka, ya mtu aliyekesha msibani. Nasema macho yanayokufa. Niliambiwa na kinyozi wangu wa Mkuyuni huku wembe wake uko shingoni mwangu, na mtu aliyeweka wembe shingoni mwako humbishii. Alisema kuna mzee mmoja huko Sengerema alikuwa haoni hata mkono wake mwenyewe, kijiko anakitafuta kwa kupapasa, mpaka kijana wake aliyeko migodini akamletea televisheni ya kisasa, zile ambazo weusi wake ni weusi wa kweli. Mzee akakaa mbele yake jioni baada ya jioni. Siku moja, mkewe anapita kubeba vyombo, mzee akamuuliza, "Mama, mbona hilo gauni limechanika kwapani?" Gauni lenyewe lilichanika zamani, kabla ya hata hiyo migodi kufunguliwa.

"Kitaalamu iko hivi," kinyozi aliniambia, na alikuwa anapenda sana neno kitaalamu. "Hizi tivii za kawaida weusi wake ni kijivu. Jicho linatafuta weusi wa kupumzikia, halipati. Linachoka, mshipa unakauka. Likipata weusi wa kweli linalala kidogo, mshipa unakunywa maji, kesho linaamka."

Mimi kidato cha nne nilikimalizia kwenye masomo ya jioni, darasa la watu wazima tulioingia tukinuka samaki na saruji, na fizikia ya mwanga nilifundishwa na mwalimu aliyekuwa anasinzia kuliko sisi. Lakini lenzi nilikuwa naijua. Nilijua picha inaingia jichoni kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo niliposikia mshipa unakunywa maji, sikusikia uzushi, nilisikia sura ya saba ya kitabu ambayo hatukuifikia. Nikatoka pale nimenyolewa upande mmoja vizuri na upande mwingine kwa haraka, maana nilikuwa siwezi kutulia.

Sababu ya kutotulia ilikuwa nyumbani, imekaa kwenye kochi, imeshika pedi ya gemu.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Kagera. Alipostaafu, na baba alikuwa ameshatutangulia, nikamleta kwangu Ilemela, kwenye nyumba iliyokaa juu ya mawe kama mbuzi aliyegoma kushuka. Mke sikuwa naye, tusiingie huko. Nilichokuwa nacho ni kazi ya mashine za barafu kwenye kiwanda cha samaki, televisheni ya wastani, na mashine ya gemu yenye mpira wa miguu. Siku za mwanzo mama alinitazama nikicheza kama mtu anavyomtazama mtoto anayekula udongo. Baada ya hapo akaanza kutoa ushauri. Baada ya ushauri akanyoosha mkono.

"Lete hicho kidude. Kitufe cha kupiga ni kipi?"

"Hiki, mama."

"Na cha kumkata mtu miguu?"

Nikajua nimekwisha. Haukupita msimu wa mvua, mama akawa ananifunga mpaka majirani wanaona aibu kupita dirishani. Naapa kipa wangu alikuwa akimwona mama anaweka miwani tu, anaomba kubadilishwa. Alikuwa anatafuna senene wa kukaanga kutoka kwenye kibakuli kilichokuwa pembeni yake, anacheza kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari. Na siri yake hakuificha. Mimi nilikuwa naukodolea macho mpira. Yeye aliangalia ile ramani ndogo iliyo chini kwenye kioo, ile ya vidoti, inayoonyesha kila mchezaji yuko wapi.

"Mwalimu haangalii mtoto anayeongea," alisema. "Anaangalia darasa zima. Anayeongea tayari unamsikia." Wakati anamaliza kusema hivyo mpira mrefu ulikuwa umeshavuka uwanja mzima, umetua mguuni kwa winga wake ambaye mimi hata sikujua kama yumo kwenye timu.

Tukatunga sheria ya nyumba: aliyefungwa anamwamkia aliyefunga. Kwangu haikuwa na uzito, mimi ni mtoto wake, shikamoo ni haki yake kila asubuhi. Basi nikawa namwamkia asubuhi kwa adabu na jioni kwa sheria. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Ukue, ujifunze kukaba." Siku nilizoshinda mimi zilikuwa za kuhesabika, na siku hizo mama alinigeukia kwa uso mkavu kabisa akasema, "Shikamoo," nami nikaanguka chini kwa kicheko, nimejifunika mto, maana mzazi kumwamkia mwanawe ni jambo la kuchekwa na mawe. Tulicheka kwa sababu lilikuwa haliwezekani.

Likaanza kuwezekana polepole. Kwanza pasi zake ndefu zikawa zinatoka nje. Halafu akawa anajigonga kwenye fremu za milango, anaweka kikombe cha chai pembeni ya meza badala ya juu ya meza. Kwenye ngazi zetu za mawe akateleza mara mbili. Asubuhi moja alisimama dirishani, pale ambapo kwetu unaliona ziwa lote mpaka visiwani, akasema, "Ziwa lenu limepungua." Nikamwambia kweli, kiangazi kilikuwa kikali. Sikujua anachosema.

Hospitalini alikwenda na jirani, mimi nilikuwa zamu. Akarudi na chupa ndogo ya dawa ya matone na jina la ugonjwa: presha ya macho.

"Wamesemaje?"

"Wamesema pembeni kote kumeondoka. Nimebaki na katikati. Haya matone ni ya kulinda kilichobaki."

"Kwa hiyo unaonaje sasa hivi? Mimi unanionaje?"

Akanigeukia, akanitazama vizuri. "Pua yako naiona. Ni ya baba yako. Masikio mpaka niyafuate." Halafu akaeleza kwamba ni kama mtu kuchungulia kwenye bomba: kilicho mbele ya bomba unakiona, hata kusoma unasoma, lakini dunia nyingine yote ipo huko nje ya bomba na wewe huna habari nayo.

Tuliendelea kucheza. Na sasa mama akawa anafungwa. Sheria ilikuwa yake na aliishika kama alivyokuwa anashika kengele ya shule. Kila jioni, mechi ikiisha, aliweka pedi mapajani, akageuza kichwa kunitafuta mpaka akanipata, akasema, "Shikamoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa naguna tu.

"Itikia."

"Mama, tuiache hii sheria."

"Uliiacha nilipokuwa nashinda mimi? Itikia."

"Marahaba."

Hilo neno nililimeza likiwa na miiba ya sato mzima. Nikaanza kumwachia. Nikawa natoa pasi mbovu, kipa wangu nampeleka matembezini. Mechi ya pili tu akasimamisha mchezo.

"Umeniachia goli."

"Sijakuachia. Umefunga vizuri."

"Mtoto anayejua jibu na anajifanya hajui namjua kwa mabega. Mabega yako yanacheza vibaya, vidole vinajua. Usinipe goli la sadaka, sikiliza. Sadaka mimi napeleka kanisani."

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo siku kinyozi aliponiambia habari za mzee wa Sengerema. Mtu aliyekwama kisimani haulizi kamba imesokotwa na nani. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: nampatia mama televisheni yenye weusi wa kweli, mshipa unakunywa maji, bomba linapanuka, mama ananifunga mabao hata kumi, mimi namwamkia, dunia inarudi kwenye mhimili wake. Nilikuwa na akiba ya kununulia pikipiki. Pikipiki ikaambiwa isubiri.

Nikawa mtaalamu. Kiwandani, mashine za barafu zinanguruma, mimi niko kwenye simu nasoma habari za paneli mpaka msimamizi akadhani nimeokoka. Nilijifunza kwamba televisheni nyingi zina taa nyuma ya kioo, na hata pakitakiwa giza zile taa zinavujisha mwanga, ndiyo maana usiku wa kwenye tivii unafanana na moshi. Nyingine, zile zinazoandikwa OLED, hazina taa nyuma: kila kidoti kinajiwasha chenyewe na kujizima chenyewe. Kikizimika kimezimika, ni shimo. Nilijifunza kwamba kwa gemu picha inatakiwa ibadilike mara mia na ishirini kwa sekunde, la sivyo mchezaji anayekimbia anaacha mkia kama nyota, na kwamba kuna televisheni nzuri za filamu ambazo kwenye gemu ni wazembe: unabonyeza leo, mchezaji anapiga kesho kutwa. Nilikuwa naweza kusimama sokoni nikahubiri.

Tukaenda dukani na mama, mjini kati Nyamagana, duka la vioo lenye baridi kuliko mashine zangu za barafu. Ukuta mzima ulikuwa televisheni, zote zinaonyesha kinyonga yule yule. Muuzaji alikuwa kijana wa mashati ya kubana, manukato yake yanafika kwanza kukupokea.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Mnatafuta ya sebuleni au ya chumbani?"

"Marahaba. Tunatafuta ya mpira," mama akasema.

"Mama anapenda kuangalia mpira! Safi sana."

"Siangalii. Nacheza."

Kijana akanitazama mimi kama anayeomba tafsiri. Nikamweleza yote, presha ya macho, weusi wa kweli, mshipa. Hakukataa hata neno moja. Alisema, "Wateja wetu wengi wanasema macho yanapata nafuu," na mimi nikalipokea hilo kama cheti cha daktari bingwa.

Alitaka kutuuzia moja inayong'aa sana, ya taa nyuma, akisema kwa nyumba zenye jua la ziwani ndiyo inayofaa. Picha ilikuwa kali kiasi kwamba kinyonga alionekana anatoka jasho. Lakini nilikwenda na elimu yangu. Nikamwambia aweke picha ya usiku. Akaweka mji wenye taa, na pembeni ya kila taa palikuwa na ukungu mweupe. "Huo ni moshi," nikamwambia. "Nataka shimo." Akatupeleka kwenye OLED iliyokuwa ukuta wa ndani kabisa, akaweka usiku ule ule, na kioo kikapotea. Palibaki taa tu, zinaelea hewani. Hata mimi, macho mazima, nilisogea nyuma nisije nikatumbukia.

Nilikuwa nimebeba mashine yangu ya gemu kwenye begi. Nikaichomeka, nikabadilisha tivii iende kwenye hali ya gemu, maana nilishasoma kwamba bila hiyo ina uvivu. Wateja wawili watatu wakasogea. Kiti kilichokuwepo kilikuwa karibu na meza ya malipo, upande wa pili wa duka, mama akakaa pale pale, mkoba kwenye mapaja. Muuzaji akachukua pedi ya pili.

"Mama, mimi mtaani wananiogopa, nitacheza taratibu."

"Cheza unavyojua, mwanangu. Mimi nitacheza ninavyoona."

Sitasahau. Dakika za mwanzo mama alikuwa anapapasa, anapoteza. Halafu nikaona mgongo wake unanyooka. Nikaona kidevu kinashuka kidogo, kama zamani, kwenda kwenye ile ramani ya vidoti. Na mpira mrefu ukatoka. Ukavuka uwanja wote, ukamkuta winga peke yake, na kijana wa manukato akapiga kelele, "Huyu katokea wapi?" Goli. Kidogo tena, goli jingine. Watu wakapiga makofi, mhasibu wa duka akaacha risiti. Mama alikuwa anacheka kimya kimya, mabega tu.

"Naiona, baba," akaniambia. "Naiona yote."

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Nililia pale kwenye baraza la duka la watu, mtu mzima, na mpita njia mmoja akaniambia pole.

Niliporudi ndani nilimwambia kijana sitaki hiyo. Nataka hiyo hiyo lakini kubwa kuliko zote walizo nazo. Kama ya wastani imemfungulia macho nusu saa, ya inchi sabini na saba itafanya nini kwa mwezi?

Mama akauliza, "Kubwa ya nini? Hii si inatosha?"

"Mama, dawa haipimwi kwa kijiko cha mtoto."

Akainuka, akashika mkoba wake. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha habishani.

Gari haliwezi kufika kwangu, njia yetu ya mwisho ni upenyo kati ya mawe. Ikabidi vijana wanne walibebe lile boksi mabegani, taratibu, refu, jeusi, wanapokezana kwenye kona, mimi natangulia, mama nyuma na kitenge kichwani kwa ajili ya jua. Majirani wakatoka. Bibi mmoja wa jiwe la juu akavua kandambili, akashika mikono yake kifuani. "Poleni jamani. Nani tena?"

"Ni televisheni, bibi," nikamjibu.

"Haya. Mungu awatie nguvu," akasema, na sidhani kama alisikia.

Jioni hiyo tuliifunga ukutani. Sebule yangu, niseme ukweli, ni ya watu wembamba: ukinyoosha mguu kutoka kwenye kochi unagusa ukuta wa mbele. Televisheni ikameza ukuta wote, kalenda ya kanisa ikahamia jikoni. Ile ya zamani nikampelekea kinyozi kama shukrani ya taarifa. Nikamwekea mama picha za uwanja kwanza, uwanja wa asubuhi wenye umande, kamera inapita chini karibu na nyasi. Alinyoosha mkono mbele.

"Nyasi hizi zinanuka," alisema. "Hii kijani sijaiona tangu nyumbani. Kijani ya migomba ikishanyeshewa." Akakaa akiiangalia. "Ni nzuri sana, baba. Asante."

Tukaanza mechi. Mpira ulipotoka katikati, kichwa cha mama kikaenda kushoto, kikarudi, kikaenda kulia.

"Uko wapi?"

"Kulia, mama."

"Kulia ya kwangu au ya dunia?"

Alikuwa anautafuta mpira kama kuku anavyotafuta punje, kichwa kinapiga huku, kinapiga kule, na kila alipoupata ulikuwa umeshaondoka. Ile ramani ya vidoti ilikuwa huko chini, mbali, mkoa mwingine. Akitaka kuiona ilibidi ainame kabisa, na akiinama, uwanja unatoweka. Nilimfunga mabao ambayo siyataji. Mechi ikaisha, akageuka, akanitafuta.

"Shikamoo, baba."

Nikajiambia ni siku ya kwanza, dawa haijaingia kwenye damu. Siku ya pili nikasogeza kochi mbele, ili weusi wa kweli umfikie vizuri. Ikawa mbaya zaidi. Nikabadilisha mwanga, nikaongeza rangi, nikapunguza, nikazima kila kitu kinachosemekana kinachelewesha kitufe, nikafunga mapazia. Kila nikitoka kazini nilikuwa na ujanja mpya niliosoma. Nikampigia kinyozi, akasema mzee wa Sengerema naye alianza vibaya, kitaalamu lazima ugonjwa ukasirike kwanza. Nikasogeza kochi tena. Magoti ya mama yakawa yanakaribia kugusa kioo, na uso wake ukawa unabadilika rangi kwa mwanga wa uwanja, kijani, nyeupe, kijani.

"Unaona mabadiliko yoyote, mama?"

"Naona nyasi."

Jioni moja akasema amechoka. Mama yangu alilima, akafundisha, akalea, sikuwahi kumsikia hilo neno. Kesho yake akasema atachambua maharage kwanza. Keshokutwa maharage yalikuwa yameisha, akakaa tu, mikono mitupu, pedi iko juu ya meza, amefumba macho anasikiliza kelele za mashabiki wa kwenye gemu. "Cheza, baba, mimi nakusikiliza," alisema. "Leo nani anashinda?" Nikacheza na kompyuta. Nilikuwa na picha safi kuliko mtu yeyote upande huu wa ziwa, nakuhakikishia, ungeweza kuhesabu jasho la mwamuzi, na sikuwa na mtu wa kunifunga. Nikishinda nakaa kimya. Nikifungwa nakaa kimya. Ile sheria ikafa yenyewe, na mimi niliyeomba ife nikawa naikumbuka.

Siku yake ya kliniki ilipofika niliomba ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe. Daktari alikuwa dada wa rika langu, sauti ya chini, anamshika mama bega kabla ya kumgusa jicho. Akampima kwa muda mrefu, akasema presha imetulia kwa matone, ila uwanja wa kuona umepungua tena kidogo tangu mara ya mwisho. Alisema hilo akimwangalia mama, si mimi.

Mimi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia daktari kwamba nyumbani tumeanza tiba nyingine, na nikamweleza, kwa fahari kabisa, vidoti vinavyojizima, weusi wa kweli, inchi sabini na saba. Nikamwambia dukani mama alifunga mabao mawili, mashahidi wapo, kwa hiyo kufanya kazi inafanya, labda tunakosea kipimo.

Daktari hakucheka. Akauliza, "Dukani mlikaa wapi?"

"Mama alikaa kwenye meza ya malipo."

"Na televisheni?"

"Ukuta wa pili kule. Mbali."

"Na nyumbani?"

Nikamgeukia mama. Mama ndiye aliyejibu. "Nyumbani naigusa kwa magoti."

Daktari akachukua karatasi iliyokuwa mezani, akaikunja ikawa bomba, akanipa. "Fumba jicho moja. Weka hii kwenye jingine, nitazame mimi." Nikatazama nikaona kitufe kimoja cha koti lake. "Sasa rudi nyuma mpaka mlangoni." Nikarudi nyuma, kinyumenyume, mgongo ukagusa mlango. Ndani ya lile bomba nikamwona daktari mzima, na mama pembeni yake kwenye kiti, mdogo, miguu imekaa pamoja, mkoba kwenye mapaja, ananitazama na hanioni vizuri.

"Televisheni haiponyi macho, kaka," daktari akasema. "Iwe nyeusi, iwe ya bei gani. Mshipa uliokufa haurudi, na huu uliobaki hatujui utakaa naye mpaka lini. Mtafutie ndogo, akae mbali nayo, picha yote iingie. Na mcheze sasa hivi, wakati bado anaona."